Upande wa Kushoto

Mwanamkisi Gharib alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya wasichana kisiwani Amu, yaani Lamu, na kabla hajaandika kile kitabu hakuna aliyekuwa na la kumsema. Alizaliwa Siyu, kisiwa cha Pate, akaolewa Amu, na alipoachwa akabaki huko huko katika chumba cha ghorofani alichorithi kwa babake. Alifundisha ngeli na ushairi, akasahihisha insha, na kila likizo alirudi Siyu kumtazama mamake. Njiani watu walimwamkia mwalimu, naye akawaitikia.

Kitabu kilianzia msibani. Mamake alipofariki, alikaa Siyu mpaka matanga yakaanuliwa. Watu walipotawanyika alibaki jikoni na Bi Tima, jirani yao aliyemjua tangu yungali wa kubebwa. Bi Tima alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Bila ya kuulizwa, macho yako kwenye kifuu, akaanza habari za bintiye, Thureya.

Habari yenyewe mji mzima uliijua, au ulidhani unaijua. Thureya aliozwa yungali msichana mdogo. Hazikupita siku nyingi akarudi kwao mbio, buibui hana, akasema, "Mama, nirejeshe kwetu." Bi Tima akamjibu kama mama wengi wanavyojibu: "Rudi kwako mwanangu. Utazowea. Hakuna neno." Akarudi. Mwaka haukuisha akashikwa na uchungu. Mtoto akatoka salama, damu ikakataa kukatika. Mashua ya kumpeleka hospitali Amu ilikuwapo na nahodha alikuwapo, lakini mume alikuwa baharini, na mavyaa, mama wa mume, akasema mke wa mtu hatolewi nyumbani bila idhini ya mwenyewe. Akageukiwa Bi Tima, mama mzazi, anene. Bi Tima akanena: "Tungoje mwenyewe aje." Mwenyewe alipokuja alikuta mkewe amekwisha kuoshwa. Mtoto aliyebaki, Razan, akalelewa na bibi yake.

"Hayo ndiyo niliyosema," Bi Tima alimwambia. "Watu wayajua. Lakini wakati kanwa langu lasema vile, moyo wangu ulikuwa wasema mangine, tena kwa sauti kubwa kuliko ya kanwa. Siku ile alipokuya mbio nilimuona shingo, ina alama za vidole. Nilimuona kwa mato haya. Ulimi wasema utazowea, moyo wasema mfungie mlango, mfiche mvunguni, akija huyo mume mtwange na mti. Na siku ya damu…" Akaliacha hapo. Akakikuna kifuu mara mbili tatu. "Hayo ya moyoni sijamwambia mtu. Wewe wasoma na kuandika. Yaandike. Lakini uyaandike yote mawili, usije ukaandika moja ukaliwata moja. Ukiandika la kanwani pekee, nitakuwa mama aliyemuua mwanawe. Ukiandika la moyoni pekee, nitakuwa nimejisifu bure, kwa kuwa sikulitenda."

Mwanamkisi akamwahidi.

Aliporudi Amu alijaribu kuiandika kama hadithi zinavyoandikwa, na hadithi ikamfia mkononi. Kila alipotanguliza maneno ya kanwa, ya moyo yalisomeka kama udhuru. Akitanguliza ya moyo, ya kanwa yalisomeka kama unafiki. Alihangaika nayo muhula mzima. Mwisho akachora mstari katikati ya ukurasa, juu hadi chini. Kulia akaweka yaliyotamkwa, kushoto akaweka yaliyomezwa, pande zote mbili bila nukta wala mkato, kwa kuwa kwa Bi Tima yale mawili yalikuja pamoja, wala hakuna lililosimama kulingoja jingine. Na juu ya ukurasa wa kwanza akaandika kuwa kitabu hiki kisomwe na wanawake wawili kwa pamoja, kila mmoja na upande wake, wala asiwepo wa kumngoja mwenziwe.

Mwenziwe katika kusoma alikuwa Huwaida, mtu wa Kipungani aliyeolewa Amu, msuka mikeka mwenye sauti nzito na kicheko cha kuvunja vyombo. Mara ya kwanza walisoma wao wawili tu, mlango umefungwa. Mwanamkisi alianza upande wa kulia, "rudi kwako mwanangu utazowea hakuna neno," na papo hapo Huwaida, kushoto, "nimeiona shingo yake nimeiona na mlango huu una komeo kwa nini siufungi." Sauti zikapandana kama mawimbi mawili ya mkondo. Walipomaliza, Huwaida aliurudia ukurasa kwa macho. Kisha akasema, "Mimi nami nina yangu. Andika."

Basi habari ikaenea kwa wanawake. Waliwasomea ndani ya nyumba, wakati wa kuchambua mchele wa shughuli na wakati wa kusuka ukili, na kila waliposoma kulikuwa na aliyebaki nyuma wenzake wakitoka, akijifanya anatafuta kiatu, ili naye atoe yake. Kitabu kikakua. Kulia mlijaa "labeka," "nimeridhika," "si kitu," "ni kuanguka tu ngazini." Kushoto mlikuwa na mambo ambayo waandishi wa tarehe na historia za miji ile hawakuwahi kuyaandika.

Wakati huo ndipo Bwana Idris alipomwita. Alikuwa ami yake, ndugu mdogo wa babake, mtu mpole, mwenye elimu, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikichapisha vitabu vya watu wa visiwani kwa ajili ya tamasha la utamaduni. Alikuwa amesikia binti ya nduguye amekusanya maneno ya wanawake. Akauomba mswada, naye Mwanamkisi akampa kwa furaha yote, akatia na sahihi ya kuruhusu kamati ichapishe. Hakuiwazia mara mbili. Ami ni baba.

Kisha mtu akarekodi. Hakujulikana nani. Usomaji mmoja uliwekwa katika kundi la WhatsApp, na kabla ya Ijumaa ulikuwa umefika Mombasa na kurudi. Mume mmoja akayatambua maneno ya mkewe. Wa pili akadhani ameyatambua ya wake, na hayakuwa yake. Msikitini kukasemwa juu ya wanawake wanaovua sitara za nyumba na kuzianika njiani. Jina halikutajwa, wala hapakuwa na haja.

Bwana Idris akamwita tena. Safari hii alimkalisha kwenye daka la mlangoni kwake baada ya sala ya alasiri, akammiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

"Kitabu hatukikatai, mwanangu," alisema. "Watu wamenijia kutaka nikichome, nikawaambia hapana, huyu ni damu yangu na ana kipaji. Huu upande wa kulia ni lulu. Ni subira tupu, ni adabu za mama zetu. Lakini huu wa kushoto uondoe."

"Ami, ukiuondoa huo hakuna kitabu."

"Kipo. Nimekisoma bila ya huo, na ni kizuri zaidi. Mkono wa kushoto hata chakula hatulii."

"Na moyo, ami? Mola ameuweka upande upi?"

Bwana Idris alicheka kidogo, cheko la mzee anayependa kujibiwa vizuri. Kisha akaweka kikombe chini. "Maneno unayo. Lakini nisikize. Mwanamke akisema siri yake kwa wenziwe imebaki ndani. Ikitiwa wino imetoka nje ya nyumba, na ikisha kutoka, mume ataadhirika, watoto wataadhirika, na huyo mwenyewe aliyeisema atakosa pa kulala. Utamlaza wewe? Una vyumba vingapi?"

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo akasema, "Aliyenipa la kwanza alinishika ahadi, ami. Yote mawili au kusiwe na kitu. Nirejeshee mswada wangu."

"Nitautazama," akasema Bwana Idris, na akamwitia halua.

Hakuurejesha, na Mwanamkisi akabaki na rasimu yake tu. Na kuanzia siku hiyo milango ikaanza kufungwa, polepole, bila ya mtu kupiga kelele. Mwanamkisi alikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, si wa serikali, na bodi ilikuwa na watu waliomjua Bwana Idris. Mwalimu mkuu, Bi Kemunto, mtu wa Kisii aliyeletwa kisiwani na uhamisho, alimwita ofisini akafunga mlango.

"Mwalimu, mimi nimekisoma," alisema. "Usiku sikulala. Kwetu pia yapo, usifikiri ni huku tu. Lakini mimi hapa ni mgeni. Wakisema nimewaletea wasichana wao maneno ya bara, nitapona kweli? Kiache kwanza, hali itulie."

"Na nisipokiacha?"

Bi Kemunto aliangalia nje dirishani, ambako wasichana walikuwa wakifagia uwanja. Muhula uliofuata jina la Mwanamkisi halikuwamo kwenye ratiba.

Hakukiacha. Alikwenda kwenye duka la kutolea nakala, na mwenye duka akamwambia mashine mbovu, huku mashine inamulika na kutoa karatasi za mtu mwingine. Akafungua ukurasa mtandaoni, ukalalamikiwa na watu wasiojulikana mpaka ukafungwa. Akaandikia wachapaji wa Mombasa, wakamjibu kwa adabu kuwa wangependa kwanza kuona barua ya wazee wa mji. Alipoishiwa na mashine akanakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, mstari katikati, na akawagawia wanawake waliotoa habari zao. Wengi walizipokea chini ya buibui na kuzichana kabla ya kufika nyumbani. Alizikuta mara nyingi mtaroni, kulia na kushoto vimechanganyika. Wasikilizaji wakapungua. Nyumba zilizokuwa zikiwangoja na birika la chai sasa zilikuwa na wagonjwa, au na wageni, au zilikuwa kimya tu ukibisha hodi.

Mwisho akabaki na Huwaida. Siku moja Huwaida alimjia mchana, akakaa kizingitini, hakuingia.

"Nishapewa talaka mbili katika ndoa hii," alisema. "Ya tatu iko ulimini mwake. Amesema nikisoma tena, tu, hata ukurasa mmoja, atanipa, na watoto atawachukua mamake."

"Huwaida."

"Usiniambie neno. Ukiniambia neno nitasoma, na nikisoma nimekwisha." Hakuwa akilia. Alikuwa akizungusha mkononi kipande cha ukili alichokuja nacho, akakisahau hapo kizingitini alipoondoka.

Mwanamkisi alijaribu kusoma peke yake. Alianza upande wa kulia, akaruka kushoto, akarudi kulia. Haikuwa kitu. Koo moja haliwezi kusema mambo mawili kwa pumzi moja, na alipoyasema moja baada ya jingine yalirudi kuwa vile vile alivyoshindwa nayo mwanzo, udhuru na unafiki. Tangu mamake afe hakuwahi kujihisi mpweke namna ile.

Miezi ikapita. Kisha Bi Kemunto akampigia simu, sauti imejaa furaha. "Mwalimu! Nimekupigania mpaka mwisho. Kitabu chako kimekubaliwa. Kesho kutwa ni siku ya wazazi, wasichana watakisoma jukwaani. Njoo, una heshima yako."

Alikwenda. Alijua kuna kitu, lakini alikwenda, kwa sababu mtu aliyefungiwa milango mingi hata mlango wa mtego huuona mlango. Uwanja ulikuwa umepambwa kwa vitambaa, mahema yamejaa, Bwana Idris yuko mbele na wajumbe wa kamati. Juu ya kila kiti palikuwa na kitabu kipya, jalada la kijani lililochorwa mkono wenye hina. *Nasaha za Bibi Harusi*, na chini yake, kwa herufi kubwa, jina lake.

Alikifungua. Mstari wa katikati haukuwapo. Maneno yalikuwa yametandazwa ukurasa mzima, upande wa kulia wote, neno kwa neno kama alivyoyaandika, hakuna lililobadilishwa. Walikuwa wametia nukta tu. *Rudi kwako mwanangu. Utazowea. Hakuna neno.* Na ukurasa wa pili: *Tungoje mwenyewe aje.* Pembeni, kwa herufi ndogo, mhariri alikuwa ameeleza kuwa hili ni funzo la kuheshimu idhini ya mume hata wakati wa dhiki.

Wasichana walipanda jukwaani, baadhi yao wanafunzi wake, wakasoma kwa pamoja, sauti nzuri, matamshi aliyowafundisha yeye. Walipomaliza, aliitwa mtunzi apokee zawadi. Mwanamkisi alipanda. Akashika kipaza sauti, na badala ya kushukuru akaanza, "nimeiona shingo yake nimeiona na mlango huu una komeo…" Kijana wa mitambo aliangaliwa na mtu, na kipaza sauti kikafa. Akaendelea kwa kanwa tupu. Walio mbele walisikia maneno mawili matatu. Mama mmoja mstari wa kwanza aliinamisha kichwa. Nyuma watu walikuwa wakigawiwa soda. Bwana Idris akainuka, akamshika bega kwa mapenzi, akawaambia watu, "Mtunzi wetu amezidiwa na hisia, mumuombee dua," na uwanja ukapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyommaliza. Angezomewa angejua la kufanya.

Asubuhi yake alipanda boti kwenda Pate. Maji yalikuwa yamekupwa na mkondo wa Siyu haupitiki, akashushwa mbali akashika njia ya miguu, akifikiria namna ya kumwambia Bi Tima kabla hajasikia kwa mwingine.

Alichelewa. Bi Tima alikuwa ameketi barazani, na kitabu cha kijani kiko pajani mwake, kimegeuzwa juu chini. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Mimi sisomi," alisema kabla ya salamu. "Razan amenisomea. Nikamwambia endelea, kuna mangine yaja. Akaendelea mpaka mwisho. Nikamwambia rudi nyuma, umeruka. Akasema, bibi, sikuruka."

Mwanamkisi alimweleza yote: sahihi, kamati, ami, mashine, talaka. Bi Tima alimsikiliza hadi mwisho, na hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Najua si wewe," alisema. "Lakini ni jina lako, na ni kanwa langu."

Kisha akamwambia lililobaki. Razan alikuwa ameposwa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepata nafasi ya chuo cha ualimu Mombasa, na mposaji, mtu wa Faza, hakutaka mke wa kusoma. Kitabu kilikuwa kimekuja ndani ya sanduku la posa, siku kadhaa kabla ya ile siku ya wazazi. Bi Tima alikuwa amemsihi mjukuu wake asubiri, asome kwanza, akamwambia kwa mara ya kwanza habari za mamake kama zilivyokuwa, za kanwani na za moyoni.

Razan akatoka ndani aliposikia sauti ya mgeni. Alikuwa na uso wa Thureya. Akambusu mkono Mwanamkisi kwa heshima ya mwandishi.

"Bibi anaogopa tu," alisema akicheka. "Ati moyo wake ulikuwa unasema hivi na hivi. Mimi nikamwambia, bibi, mbona hayo hayamo kitabuni? Kitabuni umesema utazowea. Umesema mwenyewe."

"Yalikuwamo," akasema Mwanamkisi. "Yamekatwa. Nimeyaandika kwa mkono wangu, Razan, nakala ninayo hapa." Akaitoa mkobani, ule ukurasa wa mkono wenye mstari katikati.

Razan aliuchukua, akausoma pole pole, uso ukabadilika kidogo. Kisha akaurudisha. "Mwalimu, hii si wewe umeandika tu? Ile imechapishwa. Hata shuleni imesomwa, lakini hii…" Akatafuta neno la adabu. "Hii haieleweki isomwe wapi."

"Husomwa na watu wawili. Bi Tima, wewe wakijua cha kushoto. Tumsomee. Sasa hivi."

Bi Tima alimtazama mjukuu wake. Halafu akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Posa ishapokewa. Nikiyasema leo nitakuwa namuapiza. Nimeshamwambia mara moja na hakusikia. Ya pili ni laana."

Mwanamkisi alikaa Siyu mpaka harusi, kwa sababu Bi Tima alimwomba asiondoke. Alichambua mchele, akakatakata vitunguu, akabeba maji. Siku ya bibi harusi kutolewa nje, akaonyeshwe kwa wanawake wenziwe, wanawake walijaa chumba tele, na mmoja wa ukweni, mwenye sauti ya furaha, akatangaza kuwa mtunzi mwenyewe yumo humu humu, basi nani mwingine wa kumsomea biarusi? Kitabu kikapitishwa juu ya vichwa vya watu mpaka kikamfika.

Alisema koo linamuuma. Wakamletea maji. Alisema miwani hana. Wakamletea miwani ya mtu. Alitazama upande wa Bi Tima, na Bi Tima alikuwa amefumba macho. "Soma, mwanangu," alisema taratibu. "Soma yaishe."

Akasoma. Alisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akisimama penye kila nukta waliyoitia, na sauti yake ilikuwa nzuri kama ya siku zote. Vigelegele vikapigwa. Razan, hina imemfika viwikoni, alikuwa ametega sikio kama mwanafunzi mwema, na mahali pa Thureya akatabasamu, kwa kuwa alijua ni maneno ya bibi yake.

Kitabu kimechapishwa tena mara ya pili na watu hukipeleka harusini. Mwanamkisi huulizwa mara kwa mara ataandika kingine lini, naye hujibu inshallah. Bi Tima hayuko tena. Alifariki kabla ya mwaka kwisha, na Razan hakuweza kuja kuzika, ilisemekana mumewe alikuwa safarini na hakupatikana kwenye simu atoe idhini.

Huwaida talaka yake ya tatu aliipata hata hivyo, kwa jambo la samaki aliyeungua. Alikuja na mfuko mmoja, bila ya watoto, akabisha kwa Mwanamkisi, na Mwanamkisi akamfungulia. Wanaishi humo wawili. Huwaida husuka, Mwanamkisi humpangia miyaa ya kusukia kwa rangi, na jioni huzungumza habari za bei na za watu. Habari za kitabu hazijatajwa.